Duka la Moja Moja

Siku Cyril alipoleta kompyuta dukani, mama yake alimpikia kuku. Siku ya pili mama mwenyewe aliishonea ile kompyuta kitambaa cha kuikinga vumbi, chenye maua. Siku ya tatu Cyril, akiwa ameegemea magunia ya maharagwe kama mtu anayesimulia mpira wa jana, alimwambia Jepchumba kwamba mwisho wa mwezi kazi yake itakuwa imefika tamati.

"Si ati umekosea kitu," alisema. "Umechapa kazi poa sana. Ni vile sasa hii system ita-replenish yenyewe."

Jepchumba alikuwa ameshika pakiti nne za majani chai. Alizipanga kwenye rafu, akazinyoosha kwa ncha za vidole, ndipo akageuka.

"Itafanya nini?"

"Kureplenish. Yaani... aah, Chumba, ni mambo ya stock. Hiyo ni Kiingereza tu, usijali."

Akaenda zake kuunganisha nyaya.

Duka lilikuwa nyuma ya soko, hapa Eldoret mjini, mlango wa bluu na maandishi NYAGUTHII STORES juu yake. Mwenyewe ni Mama Nyaguthii, mama yake Cyril, mwanamke mfupi wa kilemba cheupe aliyeuza kila kitu kuanzia sindano mpaka masanduku ya bati ya wanafunzi. Jepchumba alikuwa amefanya kazi pale miaka sita. Alimaliza darasa la nane kwao Moiben, shule ikakomea hapo, akaja mjini. Nje ya duka hili kulikuwa na kitu kimoja tu cha kumngoja: kurudi nyumbani kupalilia mahindi ya watu. Alikuwa ameshapalilia vya kutosha. Mgongo wake ulikumbuka kila mstari.

Kazi yake dukani ilikuwa kujua kinachoelekea kuisha. Ukimwangalia ungedhani hafanyi lolote, anapitapita tu kati ya rafu akinyoosha hiki na kile. Lakini kwa kila bidhaa alikuwa na pakiti moja aliyoigeuza, uso ukatazama ukuta. Ya sukari ilikuwa ya ishirini kuhesabu kutoka nyuma. Ya chumvi ilikuwa ya nane. Wateja wakinunua, wakinunua, mpaka ule mgongo wa pakiti ukatokea mbele, Jepchumba anaona, anampigia simu mwenye kuleta. Mzigo unafika kabla mtu yeyote hajajua ulikuwa unahitajika. Hakuna aliyemfundisha. Na hakuna aliyejua, maana hakuna aliyewahi kuuliza.

Cyril, ndio kwanza afike kutoka Nairobi na cheti chake cha biashara, alipita kwenye rafu akazikuta zile pakiti.

"Nani huyu anapanga vitu vikiangalia ukuta kama watoto wamepewa adhabu?"

Akazigeuza zote. Moja baada ya nyingine, akipiga mluzi. Jepchumba aliendelea kufuta rafu. Hakuwa mtu wa kukimbilia kusema. Alipenda kwanza kuona.

Sasa, kulikuwa na sheria nyingine pale dukani, na hii haikuwa siri. Ilijulikana mpaka na wenye mikokoteni kule sokoni. Kwa Mama Nyaguthii, ya mwisho haiuzwi. Ikibaki pakiti moja ya kiberiti, hiyo ni mbegu. Uje na haraka zako, uje na mtoto analia mgongoni, Mama ataichukua mkononi mwako kwa upole, airudishe kwenye rafu, aipapase kama anailaza. "Hiyo ni ya kuitia zingine," atakwambia. "Nenda kwa Farah." Wateja wa zamani walikuwa hata hawaigusi. Wageni walidhani mama ana maneno kichwani. Cyril alikuwa amekua akiiona sheria hiyo kila siku ya maisha yake, na kwa sababu hiyo hakuwahi kuifikiria hata siku moja.

*

Jumanne, kama Jumanne zote, Mwalimu Sifuna alikuja kununua wembe. Alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, koti la sufu hata jua likiwaka. Ujanani alisomea upadre miaka miwili, akauacha kwa sababu ya mwanamke fulani wa Webuye. Upadre ulikubali kuachwa, lakini Kilatini kilikataa.

"Mwalimu," Jepchumba alisema akimfungia wembe kwenye karatasi, "replenish ni nini?"

Mwalimu Sifuna aliweka mwavuli chini. Nyuma yake walikuwa wamesimama watu wawili, mama mwenye kikapu na mwanamume wa bodaboda, na wote wawili walishusha pumzi, maana walimjua.

"Nani amekuambia hilo neno?"

"Cyril. Anasema ndiyo kazi nimekuwa nikifanya, sasa itafanywa na kompyuta. Nataka kujua kama nilikuwa naifanya vizuri."

 Mwalimu akavua kofia, kama mtu anayeingia kanisani.

"Hilo neno, mwanangu, limetembea. Lilizaliwa Roma. Warumi walikuwa na neno plenus. Plenus ni kujaa. Mtungi umejaa, tumbo limejaa, ghala limejaa. Likatoka Roma mdogomdogo mpaka Ufaransa. Wafaransa wakalivalisha nguo zao, wakalitia re hapo mbele. Halafu, miaka kama elfu moja iliyopita, hao watu wa Ufaransa wakavuka maji wakawatawala Waingereza..."

"Ngoja," mwenye bodaboda akasema. "Waingereza walitawaliwa?"

"Walitawaliwa kabisa! Wakubwa wote wanaongea Kifaransa, mwananchi anaongea Kiingereza akiwa jikoni."

"Na walipokuja hapa hawakutuambia!"

"Ungejitangaza wewe?" mama mwenye kikapu akamuuliza. Alikuwa ameweka kikapu chini sasa. "Endelea, Mwalimu. Walichapwa pia?"

"Mama, tuko kwenye neno. Basi wale wakubwa wakaacha maneno mengi nyuma, na hili likiwamo. Mwanzoni replenish ilikuwa kujaza tu. Unajaza nyumba watu, unajaza zizi ng'ombe, hata dunia unaweza kuireplenish, ukiwa Mungu. Baadaye likazoea kazi hii ya sasa. Kitu kilikuwa kimejaa, kikapungua, wewe ukakijaza tena."

Jepchumba alikuwa amesimama na ule wembe mkononi. Alilipokea lile neno polepole, akaligeuza upande huu na upande ule.

"Sasa linasema ujaze lini, Mwalimu?"

"Lini?"

"Ndiyo. Ikiisha kabisa, ama ikipungua?"

Mwalimu Sifuna aliuokota mwavuli wake. Katika miaka thelathini na minane ya kushika chaki alikuwa ameulizwa maswali mengi, mengi yakiwa ni kama anaweza kuwaruhusu watoto waende nje. Hili hakuwahi.

"Nitakuletea jibu," alisema, akavaa kofia, akaondoka. Wembe aliuacha.

*

Wiki ya kwanza hakuna kilichoonekana. Wiki ya pili rafu zilianza kupumua. Unasimama pale mlangoni unaona mbao ambazo hujawahi kuziona, moja hata ina jina la mtu limechorwa kwa msumari. Sukari ilikuja ikabaki pakiti moja. Chumvi ikabaki moja. Mafuta ya kupikia mkebe mmoja, sabuni kipande kimoja, mshumaa mmoja umesimama wima peke yake kama unangoja harusi. Na kila kilipobaki kimoja, Mama Nyaguthii alikuja akakipapasa, akakisogeza katikati ya rafu kionekane vizuri.

"Cyril," alimwita mwanawe, "mzigo unakuja lini?"

"System iko macho, Mum. Kitu kikiisha tu, inaagiza yenyewe. Hata mimi siigusi."

"Na hii sukari?"

Cyril aliangalia kompyuta. Kioo chote kilikuwa kijani, juu mpaka chini. "Sukari ipo."

"Ipo moja."

"Si umesema ipo?"

Mama aliitazama mashine, akamtazama mtoto aliyemzaa mwenyewe, akarudi kwenye kaunta. Cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani, ndani ya fremu. Yeye mwenyewe ndiye aliyekitundika.

Ng'ambo ya barabara alikuwako Farah, mwenye duka kama lao, mtu wa maneno mengi na moyo mkubwa. Zamani alikuwa akivuka mara moja kwa wiki kumsalimia Mama. Sasa alivuka kila siku, kuangalia.

"Mama Cyril, haki ya Mungu, mnaweka maonyesho? Mnatoza watu wakiingia?"

"Farah, rudi kwako."

"Kwangu hakuna nafasi, wateja wako wamejaa! Na si wao tu. Panya wote wa hapa wamehamia kwangu, maana hapa kwako hawana cha kula. Nipeni mtego."

Mama siku hiyo alikuwa na kamati ya mazishi ya jirani. Alimfukuza Farah asubuhi, akaenda zake kamatini akimwacha Cyril kaunta, na Farah akarudi mchana kuuliza tena mtego. Mtego ulikuwa mmoja. Cyril akaushika, ile mashine ikalia *tii*, Farah akaondoka nao. Jepchumba alikuwa juu ya ngazi akifuta vumbi mahali palipokuwa pa majani chai. Aliona yote. 

Siku ya tatu lori lilisimama mlangoni. Mama Nyaguthii alitoka mbio, kilemba upande, mikono juu, akimshukuru Mungu kwa Kikuyu. Jamaa wawili wakashusha katoni. Moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Wakapewa sahihi, wakapanda, wakaenda.

Mama alipasua ya kwanza. Mitego ya panya. Akapasua ya pili. Mitego ya panya. Ya tatu hakuipasua, aliikalia.

"Unaona?" Cyril alisema, na kwa kweli alikuwa anafurahi. "Unaona imeagiza? Niliwaambia inafanya kazi!"

Jepchumba alishuka kwenye ngazi kipandio kimoja, akasimama hapo. Alitazama katoni sita za mitego, akatazama rafu, moja, moja, moja, moja. Akamtazama Mama amekaa. Jambo lilianza kumjia, si lote kwa pamoja, kama mtu unayemwona mbali barabarani na bado hujajua ni nani.

Ijumaa hiyo Mwalimu Sifuna alirudi, ndevu zimeota shavu zima.

"Nimefungua kamusi tatu," alisema kabla hata ya salamu. "Halisemi lini."

"Halisemi?"

"Halisemi. Lakini nimetembea nalo njia nzima kutoka Kapsoya. Plenus iko ndani yake, kujaa. Tupu haimo. Popote nilipolifungua, hakuna aliyesema ngoja kwanza kiishe. Kwa hiyo kama ningesahihisha mtihani, ningempa alama yule aliyeandika hivi: mwenye kureplenish macho yake yako kwenye kujaa." Akashusha sauti. "Uliifanya vizuri, mwanangu. Sasa nipe ule wembe wangu."

"Niliurudisha kwenye rafu. Umebaki mmoja, Mwalimu."

Mwalimu Sifuna alipapasa ndevu zake. Alikuwa mteja wa zamani. "Mbegu," alisema kwa huzuni, akachukua mwavuli.

*

Jumatatu shule zilikuwa zinafunguliwa. Hiyo ndiyo wiki ambayo duka lolote Eldoret huishi kwa ajili yake. Tangu saa mbili asubuhi wazazi wanamiminika na orodha mikononi, watoto nyuma yao wamevaa soksi mpya. Kwa Mama Nyaguthii waliingia, wakageuka, wakatoka. Waliingia, wakageuka, wakatoka. Mlango ulichoka.

Kisha akaingia mama mmoja wa mtaa wa Elgon View, gari lake refu jeupe limeziba nusu ya barabara, bintiye wa kidato cha kwanza akimfuata na simu. Orodha ilikuwa kurasa mbili.

"Habari zenu. Sabuni ya kipande, nne."

"Kipo kimoja," Mama Nyaguthii alisema.

"Haya, nipe hicho."

"Hicho hakiuzwi."

Mwanamke alitabasamu, akidhani hajasikia vizuri. "Kufuli la sanduku?"

"Lipo moja."

"Nalo haliuzwi?"

"Haliuzwi."

"Sukari?"

"Ipo."

"Moja," binti akasema bila kuinua macho kwenye simu.

Mwanamke aliikunja orodha yake mara mbili, taratibu. "Sasa dada zangu, hapa mnauza nini?"

 Hata kompyuta ilionekana kufikiria.

"Mitego ya panya," Jepchumba alisema.

Binti alicheka mpaka simu ikaanguka. Cyril hakucheka. Masikio yalikuwa yanamwaka. Aliruka kaunta, akainyakua ile pakiti ya sukari, akaisukuma mbele ya mteja. "Chukua, Madam. Chukua sukari. Tunauza!"

"Cyril, weka chini!"

"Mum, huyu ni customer!"

"Weka chini nimesema!"

Mama Nyaguthii alimfikia, akaishika pakiti upande mmoja, Cyril akaishika upande wa pili, na kwa dakika nzima mama na mwanawe walivutana juu ya kilo moja ya sukari mbele ya watu. Farah alikuwa ameshavuka barabara. Alikuwa hata amekuja na kiti.

Ni Cyril aliyeachia. Mama aliikumbatia pakiti kifuani, pumzi zinamtoka.

"Ulikuwa na miaka tisa," alimwambia. "Ulinishika leso tangu Nakuru. Tuliporudi Burnt Forest kuangalia duka, tulikuta walibeba mpaka mlango. Mpaka misumari ya rafu. Nilipitisha mkono juu, pale juu kabisa, kukawa na pakiti moja ya chumvi. Moja. Sijui hawakuiona ama waliihurumia. Niliibeba kwa mfuko wa koti mpaka hapa mjini, nikaiweka kwa rafu ikiwa peke yake, nikatafuta ya kuwekea kando yake, na nyingine, na nyingine. Sasa wewe unataka nikae hapa ningoje rafu ifike sifuri ndio mashine iamke. Mimi sifuri nimeshaiona, Cyril. Sina haja ya kuiona tena."

Mwanamke wa Elgon View alivua miwani ya jua. Farah alitazama viatu vyake. Jepchumba naye alikuwa na miaka saba wakati ule, na kwao Moiben mambo ya Januari ile ya fujo za baada ya uchaguzi watu huyazungumza wakiwa wameinamisha kichwa, hata leo.  Halafu yule mtu aliyekuwa mbali barabarani akafika, akamwona ni nani.

"Cyril," alisema. "Iulize kompyuta inangoja nini."

"Ati?"

"Iulize. Kwa sukari, ili iagize, inangoja zibaki ngapi?"

Cyril alirudi nyuma ya kaunta akiburuta miguu. Akabonyeza, akabonyeza. "Zero," alisema.

"Chumvi?"

"Zero."

"Mtego wa panya?"

"Zero. Kila kitu ni zero. Nilikuwa nime..." 

"Basi hapa haitaagiza kitu mpaka Yesu arudi," Jepchumba alisema. "Sifuri haifiki kwenye hizi rafu. Mama ameikataza mlangoni. Mtego ulifika sifuri kwa sababu ulimuuzia Farah siku Mama hayuko."

"Kumbe ni mimi!" Farah alisema kwa furaha kubwa. "Ni mimi nimewaletea mitego! Mama Cyril, mshukuru jirani!"

Cyril alikuwa ameweka kichwa mikononi. "Kulikuwa na mahali pa kuandika namba," alisema kwa chini, akiiambia meza. "Kila kitu kina namba yake, ikifika hapo inaagiza. Nilisema nitajaza baadaye. Sikujua ni ngapi. Ningejuaje ni ngapi?"

"Mimi najua ni ngapi," Jepchumba alisema.

Duka zima lilimgeukia. Hakuwa amezoea, akashika aproni.

"Sukari, ishirini. Chumvi, nane. Majani chai, kumi na mbili. Wembe, pakiti tatu, na usiagize katoni sita, agiza moja, watu hawanyoi kiasi hicho. Kufuli, wiki hii ni thelathini. Sabuni ya kipande, kumi na tano, lakini yule wa sabuni hashiki simu kabla ya saa nne, na ukimtumia ujumbe hasomi, lazima umpigie umuulize kwanza habari ya mguu wake."

"Mguu wake?"

"Ulivunjika mwaka jana. Usipouliza, mzigo unakuja kesho kutwa."

"Andika," Mama Nyaguthii akamwambia mwanawe. "Andika na mguu."

Cyril aliandika. Jepchumba alipita rafu baada ya rafu, akisema namba, na kila aliposema, mstari mmoja kwenye kioo uliacha kijani ukawa mwekundu, na ile mashine ikalia *tii*. Ikafika mahali inalia bila kupumzika, *tii tii tii*, na simu za wenye mizigo zinaita mji mzima. Farah alimchukua mama wa Elgon View na orodha yake. "Huyu nitamhudumia mimi," alisema, "lakini ni wako, Mama Cyril. Muhula ujao nitamrudisha." Binti aliondoka na mtego mmoja wa panya. Alisema ni wa bweni.

Malori yalianza kufika saa saba. Kufikia saa kumi rafu zilikuwa zimejaa mpaka ile mbao yenye jina la mtu haikuonekana tena, na Mama Nyaguthii alizunguka akizisukuma zile za moja moja nyuma kabisa, kila mbegu mahali pake, akiongea nazo.

Jioni, jua likiwa bado kwenye mabati ya soko, Cyril alijinyoosha kwenye kiti chake. Alikuwa amechoka, amefurahi, na amesahau.

"Chumba, umetusaidia sana. Kweli. Sasa system inajua kila kitu."

Jepchumba alikuwa anafagia. Alifagia mpaka akafika kwenye mguu wa meza. Mwisho wa mwezi ulikuwa Ijumaa.

"Inajua ya wiki hii," alisema.

"Maana yake?"

"Kufuli thelathini ni za kufungua shule. Ukiziacha thelathini mwezi ujao, utakaa na kufuli jinsi unavyokaa na mitego."

Cyril alitazama zile katoni. "Haya, nipe za mwezi ujao."

"Mwezi ujao bado."

"Si unajua?"

"Nitajua ukifika. Inategemea. Mahindi yakiuzwa vizuri, sukari inapanda. Yakikwama, watu wanarudi kwa chumvi na kiberiti. Kukiwa na mazishi mengi ni majani chai. Lazima uone nyuso zao wakiingia."

"Na gambuti? Hizo ni viatu vya mvua tu. Niambie hiyo moja."

"Nikiona mawingu yamekaa upande wa Kaptagat siku tatu, nitakuambia."

Cyril alivuta kibodi. Kwenye mstari wa gambuti, pale pa namba, akaandika MUULIZE JEPCHUMBA. Kompyuta ikakataa; ilitaka namba. Akakuna kichwa, akatoa simu yake, akatafuta, akaanza kuandika kwa makini: sifuri, saba, mbili...

"Hiyo ni nini?" Jepchumba aliuliza.

"Namba yako ya simu. Ili nisisahau kukupigia."

Jepchumba aliangusha ufagio. Aliufikia mkono wake kidole kikiwa tayari kiko juu ya kile kitufe kikubwa.

"Cyril! Hapo ndipo inaposoma zibaki ngapi! Ukibonyeza, itaona hatujafikisha gambuti milioni mia saba, itaagiza mpaka Uganda!"

Kidole kilikaa hewani. Kutoka kwenye kaunta, Mama Nyaguthii alikuwa ameanza kucheka, kicheko cha tumboni, kilemba kinatikisika.

Cyril alifuta namba moja moja mpaka pakawa tupu. Kisha akasimama, polepole, akakisogeza kiti kuelekea upande wa Jepchumba.

"Na mwisho wa mwezi?" Jepchumba aliuliza, akiwa bado amesimama.

"Mwezi gani?" Cyril alisema, akitazama pembeni.

Jepchumba akakaa. Aliweka mikono juu ya kibodi, akaitazama meza, akajitazama. Kiti kilikuwa kifupi mno kwake. Akamwambia Cyril atafute kingine.